Wageni wanapita Dodoma kila siku: wafanyweje washuke garini waonje zabibu zetu?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima wa zabibu kando ya barabara ya Iringa, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Sehemu ya mavuno tunauza viwandani, sehemu tunatengeneza mvinyo, juisi na zabibu kavu. Magari ya watalii yanatupita yakielekea Ruaha au yakirudi kaskazini, hayasimami. Tumeshauriwa tuchange fedha tuweke bango kubwa la Kiingereza na tulipie matangazo Arusha. Je, ndiyo njia? Na kama siyo, tuanzie wapi?

JIBU: Mama, shikamoo, na asante kwa swali. Fedha ya bango na ya matangazo ya Arusha iacheni kwanza kwenye akaunti ya kikundi. Mtalii mnayemwona ndani ya lile gari la safari ameshapangiwa siku yake yote tangu miezi mingi iliyopita: atakapolala, atakapokula, saa ya kuingia geti la hifadhi. Dereva ana ratiba mkononi na hana ruhusa ya kuipindua kwa sababu ameona bango. Mtu huyo mnaweza kumpata, nami nitaeleza chini namna gani, ila si msimu huu, wala hapatikani barabarani.

Mgeni mnayeweza kumpata msimu huu tayari yuko Dodoma, na ni Mtanzania mwenzenu. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, ilikuja na watumishi, wafanyabiashara, wanafunzi na watu wa semina wasiohesabika. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na wanaolifuata wanatoka kila mkoa wa nchi hii. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam imekuwa ya saa 4 hivi, badala ya kukaa kwenye basi kutwa. Watu hawa wanafika, wanamaliza shughuli zao Ijumaa, na Jumamosi wanabaki wanaulizana hotelini waende wapi. Wengi wanaishia mnada wa Msalato kula nyama choma. Hilo ni jambo jema, maana ni ushahidi kwamba wako tayari kutoka mjini kufuata chakula. Lakini ukiwauliza wameona nini cha Dodoma kinachohusu zabibu, watakuambia wameona vijana wanauza vifuko barabarani na chupa kwenye rafu ya dukani. Shamba lenyewe hawajakanyaga. Hapo ndipo penye soko lenu.

Nasisitiza mgeni wa ndani kwa sababu nyingine pia. Huyo atawavumilia mkijifunza. Akikuta choo hakina maji atawaambia kwa Kiswahili, papo hapo, na mtakitengeneza. Mgeni wa kutoka Ulaya atanyamaza, atatabasamu, atalipa, halafu jioni ataandika kwenye mtandao, na maneno yake yatasomwa miaka mitatu. Fanyeni makosa ya mwanzo mbele ya watu wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe mnachouza. Nimeona vikundi vingi vya wakulima vikidhani vinauza chupa, na kwa chupa tu mtashindwa, maana mvinyo wa Afrika Kusini umejaa supamaketi na kiwanda kinaweza kushusha bei kuliko nyinyi. Ila kuna jambo ambalo mwenye supamaketi hana na hata Stellenbosch, eneo la mvinyo la Afrika Kusini, hawana. Mzabibu wa Ulaya unalala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi na mvua ya milimita 550 hadi 600 inayonyesha kwa msimu mmoja, hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake: anapogoa, mzabibu unachipua, na baada ya miezi minne hivi mavuno yako tayari. Ndiyo maana mnavuna mara mbili, mara moja kuelekea Machi na mara ya pili Agosti na Septemba. Kwenu hilo ni jambo la kawaida kabisa, mmelizoea hata hamlisemi. Kwa mtu anayejua mvinyo ni habari ya kumfanya ashuke garini.

Litumieni hivi. Mgeni anayefika siku ya kupogoa apewe mkasi, aoneshwe pa kukata, apogoe mche mmoja kwa mkono wake. Mfungieni kibao kidogo chenye namba na jina lake. Chukueni simu yake. Maua yakitoka, mtumieni picha kwa WhatsApp. Vishada vikianza kubadilika rangi, picha nyingine. Vikiiva, mwambieni tarehe ya kuvuna. Atakuja, na hatakuja peke yake. Huyo mmemvuna mara mbili kwa mwaka kama zabibu zenyewe, na gharama yake ni kibao cha bati na bando la simu.

Mfano wa jambo hili uko hapa hapa nchini. Pale Zanzibar, ziara ya mashamba ya viungo kule Kizimbani na vijiji vya jirani imewalisha watu kwa miaka mingi, na ukiangalia kwa makini, hakuna hotuba ndefu mle. Mgeni anakwanguliwa gamba la mdalasini anusishwe, anapasuliwa kungumanga aone basibasi nyekundu iliyoivaa, anavalishwa kofia ya majani ya mnazi, anaonjeshwa matunda, analishwa pilau, na mwishoni kabisa ndipo meza ya viungo inapowekwa mbele yake. Kule Materuni, mitelemko ya Kilimanjaro, mgeni anatwanga kahawa kwenye kinu huku watu wanaimba, anaikaanga, anaichemsha na kuinywa. Pote pawili anayenunua mwishoni ni mtu ambaye mikono yake imeshashika kile kitu. Nyinyi mna kupogoa, kuvuna, kuchambua vishada, kukamua na kuonja mchuzi wa zabibu ukiwa bado mtamu haujachacha. Hiyo ni kazi ya mikono ya kutosha asubuhi nzima.

Mahali pa kuonjea pananipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Njia yote ya vijijini naona meza ya mbao juani, chupa zimepangwa kwa uzuri, na jua la Dodoma linazipika tangu saa tatu asubuhi. Mvinyo ukipigwa joto namna hiyo unapoteza harufu, rangi inafifia kuelekea kahawia, na kizibo kikilegea unageuka siki. Mgeni akionja huo, hatalaumu jua, atailaumu Dodoma nzima. Chupa za maonyesho zijazwe maji yenye rangi kama mnataka kitu cha kupendezesha meza. Za kuuza zikae ndani.

Ndani wapi? Hapa Wagogo mna jibu ambalo sijui kwa nini hatulitumii. Tembe, ile nyumba ya kuta nene na paa bapa la udongo, mchana ina ubaridi ambao nyumba ya bati haina. Jengeni tembe moja nzuri, yenye milango miwili hewa ipite, muifanye chumba cha kuonjea na ghala dogo. Mtalii yeyote, wa ndani au wa nje, atataka kupiga picha mle, na mvinyo wenu utakaa mahali palipotulia. Mweupe bado utahitaji friji, kwa sababu unapendeza ukiwa na nyuzi 8 hadi 12. Mwekundu utoeni ukiwa na nyuzi 16 au 17. Ile kauli kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ilisemwa na watu wenye vyumba vya baridi, si chumba cha Dodoma mwezi Novemba.

Kuonjesha kuna utaratibu wake. Mililita 50 kwa kila aina zinatosha, kwenye glasi ya kioo yenye mguu, kamwe si kikombe cha plastiki. Chupa ya mililita 750 inatoa vionjo 15, kwa hiyo wageni watano wakionja aina tatu mmetumia ujazo wa chupa moja tu. Tozeni ada kwa kuonja, na anayenunua chupa ada hiyo ikatwe kwenye bei. Kitu cha bure mtu hakikumbuki, na ada inawaondoa wale wanaokuja kulewa. Anzeni na mweupe usio mtamu, kisha mwekundu, na ule mtamu uwe wa mwisho, kwa sababu ukianza na utamu vyote vinavyofuata vitaonekana vichachu. Watanzania wengi tumezoea mvinyo mtamu, kwa hiyo mwambieni mgeni mapema kwamba wa kwanza una uchachu, utafuatiwa na mtamu, asije akakata tamaa kwenye glasi ya kwanza. Dereva asionjeshwe. Apewe juisi ya zabibu iliyopoa na chakula, na apewe vizuri, maana yeye ndiye atakayeamua kama kesho ataleta wengine.

Kisha wapeni watu chakula, na kiwe cha hapa. Msiwaige watu wa mahoteli na jibini za kuagiza. Barabara yenu hiyohiyo inashuka hadi bwawa la Mtera, na samaki wa Mtera wa kukaanga akikutana na mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Chenin, ule uchachu unafanya kazi ya ndimu. Mbuzi wa kuchoma anataka mvinyo wa zabibu aina ya Makutupora nyekundu, kwa sababu ukakasi wake unasafisha mafuta mdomoni. Ugali wa uwele kwa mlenda na kuku wa kienyeji ni chakula ambacho mtu wa Dar es Salaam hajakila, au alikila kwa bibi yake na amekikumbuka. Karanga za kukaanga na ubuyu ziwekwe mezani wakati watu wanaonja. Mama anayejua kupika mlenda asikae jikoni nyuma kama aliyefichwa. Aje aeleze mwenyewe ameuchuma wapi na ameukausha vipi. Nimeona wageni wakisahau glasi wakamfuata mpishi.

Msiwasahau wasiokunywa pombe. Ni wengi: Waislamu, Walokole, wajawazito, watoto waliokuja na wazazi wao. Ukiwa na mvinyo tu, familia yenye mtu mmoja asiyekunywa haitakuja kabisa. Juisi, zabibu mbichi, zabibu kavu, jemu, na hata siki ya zabibu iliyotengenezwa kwa makusudi, vyote viwe na meza yao iliyopambwa kama ya mvinyo, isiwe kona ya huruma. Juisi na mvinyo visitumie vyombo vimoja, na muwe tayari kumwonesha anayeuliza. Kwa maoni yangu juisi yenu inaweza hata kuwaingizia fedha ya haraka kuliko mvinyo.

Kuhusu lebo, nawaomba msiweke simba wala Mlima Kilimanjaro. Simba na mlima viko kwenye kila kitu kinachouzwa nchini. Wekeni jina la kijiji chenu, aina ya zabibu, mwezi na mwaka wa mavuno, na namba ya toleo. Mnunuzi anayeona "mavuno ya Machi" kwenye chupa moja na "mavuno ya Agosti" kwenye nyingine atanunua zote mbili alinganishe. Namba ya toleo inawasaidia nyinyi wenyewe: chupa ikilalamikiwa, mtajua pipa lipi la kutazama. Kama zabibu zote ni za Dodoma, liandikeni wazi kwa herufi kubwa. Hata sheria ya ushuru wa bidhaa nchini inautofautisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani na ule mwingine, kwa hiyo si majigambo, ni sifa inayotambulika. Tengenezeni pia chupa ndogo za mililita 375. Anayepanda ndege ya kimataifa kwa kawaida hawezi kuingia na chupa ya mvinyo kwenye mzigo wa mkononi, lakini ndogo mbili zilizofungwa vizuri zinakaa ndani ya sanduku la kupakia chini. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, wekeni kikapu cha kusuka cha Iringa, kiuzwe pamoja na chupa zake. Mtu atakibeba sokoni mwaka mzima.

Kikundi kimoja peke yake hakitoshi kumtoa mtu mjini. Mwaka 1971, wakulima watatu wa Stellenbosch, Frans Malan, Spatz Sperling na Neil Joubert, walianzisha njia ya mvinyo ya kwanza Afrika Kusini. Malan alikuwa ameona njia ya namna hiyo kule Burgundy, Ufaransa. Walikuwa washindani sokoni, lakini walikubali kuwekwa kwenye ramani moja, mgeni akitoka kwa huyu aelekezwe kwa yule. Leo eneo hilo linajulikana dunia nzima.

Dodoma ina jiografia nzuri ajabu kwa jambo hilo, kwa sababu barabara kuu nyingi zinazotoka mjini zina zabibu zake. Kwenu kusini kuna Mpunguzi na Bihawana; misheni ya Bihawana ndiko simulizi nyingi za zao hili zinakoanzia, enzi wamisionari wa Kikatoliki walipotaka mvinyo wa misa. Barabara ya Dar es Salaam kuna Chinangali, wilaya ya Chamwino, yenye shamba la pamoja la umwagiliaji wa matone. Barabara ya Arusha kuna Veyula na Makutupora, kilipo kituo cha utafiti cha TARI kinachoshughulikia zabibu. Hombolo ina bwawa na mashamba. Kaeni na wenzenu wawili au watatu wa upande wenu tu kwanza. Kubalianeni siku za kufungua, ili mgeni asikute pote pamefungwa Jumamosi hiyohiyo, na chapisheni karatasi moja yenye ramani, namba za simu na bei. Ipelekeni mapokezi ya hoteli na nyumba za wageni, kwa madereva wa teksi na bajaji wa stesheni ya SGR, na kwa makatibu wa ofisi wanaoandaa semina. Hao wa mwisho wanatafuta kila mwezi mahali pa kuwapeleka washiriki siku ya mapumziko, na basi moja la semina ni watu 30. Siku hiyohiyo mjiandikishe kwenye ramani ya Google, kwa jina lenye neno "zabibu" ndani yake, picha halisi na saa za kufungua zilizo za kweli.

Nane Nane ni nafasi yenu nyingine kubwa. Viwanja vya Nzuguni vinajaa watu mwanzoni mwa Agosti, na ndipo zabibu za mavuno ya pili zinapoiva. Badala ya kukodi banda na kushinda mmekaa na chupa, chukueni meza ndogo, onjesheni juisi, na andikisheni watu wa kuja kuvuna shambani Jumamosi inayofuata.

Narudi kwa mtalii wa kigeni. Yeye anauzwa na kampuni ya safari, kwa hiyo mteja wenu ni yule anayepanga ratiba. Safari ya kutoka Ruaha kwenda Tarangire kwa barabara ni ndefu, ni lazima mtu alale njiani, na sasa lami inatoka Iringa hadi Dodoma na kuendelea Kondoa hadi Babati. Kwa kampuni nyingi Dodoma ni kitanda tu. Nyinyi wapeni sababu ya kuifanya siku kamili: mchana kwa zabibu na chakula cha Kigogo, kulala mjini, asubuhi michoro ya miambani ya Kolo huko Kondoa, kilomita 180 hivi kutoka Dodoma, iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, halafu Tarangire. Mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia msimu mkubwa wa watalii kaskazini, na mwezi Agosti huko kwao Ulaya wengi bado hawajaanza kuvuna. Waalikeni madereva na waongozaji wachache waje kula na kuonja bila malipo, na familia zao wakipenda. Watakaporudi Arusha watawaambia maofisi yao kuna choo safi, chakula salama, kivuli cha kuegesha gari, na mtu anayeongea vizuri. Kwa kampuni ya safari hayo manne yana uzito kuliko tangazo lolote. Kiingereza cha kutosha mtampata kijana mmoja wa kijijini aliyemaliza chuo. Mfundisheni kazi ya shamba vizuri, asiwe mtu wa kukariri.

Ngoma nayo. Muheme ukipigwa na akina mama wa Kigogo ni kitu cha kumsimamisha mtu nywele. Lakini upigwe kwa malipo ya haki, na kwa wageni walioagiza, si kila gari likisimama akina mama waitwe shambani wakimbie na ngoma. Heshima hiyo mgeni anaiona.

Kabla ya yote haya, vibali. Mvinyo hauuzwi bila alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) na stempu za kielektroniki za TRA (Mamlaka ya Mapato), na mahali pa kuunywea panahitaji leseni ya vileo ya halmashauri. Anzieni SIDO mkoa, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wao ndio wanaowashika mkono wajasiriamali wadogo kwenda TBS. Mkianza kutoza ziara, ulizeni Wizara ya Maliasili na Utalii leseni inayowahusu, kwa sababu Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka shughuli za utalii ziwe na leseni. Kama mvinyo wenu bado haujapita TBS, msiuonjeshe mgeni yeyote. Fungueni shamba, chakula na juisi iliyosajiliwa, mvinyo utafuata.

Na lile bango: wekeni, ila dogo, la Kiswahili juu na Kiingereza chini, lenye maneno manne au matano ambayo mtu aliye kwenye gari la mwendo wa kilomita 80 anaweza kuyasoma, na mshale. Moja liwe mita mia kadhaa kabla ya njia ya kuingilia, ili dereva apate nafasi ya kupunguza mwendo. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo nendeni kwanza ofisi ya TANROADS (Wakala wa Barabara) mkoa mpate kibali, la sivyo litang'olewa na fedha yenu ya mchango itakuwa imekwenda. Neno la juu kabisa liwe "Vuna zabibu mwenyewe", na chini yake miezi ya mavuno.